Kila kipande huzaliwa takataka: Git hufagiaje bila kutupa kazi ya mtu?

Fungua repo mpya (ghala la faili na historia yake) ya Git, programu ya kudhibiti matoleo, isiyo na kitu ndani, kisha andika amri hii:

`git hash-object -w --stdin < /dev/null`

Umeiagiza Git ihifadhi faili tupu, isiyo na herufi hata moja. Itakujibu kwa jina refu la alama 40: `e69de29bb2d1d6434b8b29ae775ad8c2e48c5391`. Jina hilo halikuchaguliwa na mtu. Ni heshi, yaani limekokotolewa kutokana na kilichomo ndani ya faili, na kwa kuwa utupu ni uleule kila mahali, faili tupu ina jina hilohilo katika kila repo ya Git inayotumia heshi ya SHA-1. Chungulia ndani ya `.git/objects` utakuta folda ndogo iitwayo `e6`, na ndani yake faili ambayo jina lake linaanza na `9de29bb`.

Sasa andika `git fsck`, amri ya kukagua afya ya repo. Katika majibu yake utaona mstari wenye maneno `dangling blob` na jina lilelile. Maana yake kipande, yaani hicho ulichohifadhi, kipo, tena kizima, ila hakuna anayekijua: si tawi (mstari wa kazi), si komiti (hatua ya kazi iliyohifadhiwa), si lebo (jina lililobandikwa kwenye komiti). Mbele ya mfagiaji, yaani amri ya Git inayofuta visivyotumika, hiyo ndiyo sura kamili ya takataka.

Lakini umekiandika sekunde chache zilizopita, na umekiandika kwa kukusudia. Ugumu wote wa kufagia data katika mfumo wa kudhibiti matoleo umejificha hapo. Ndani ya Git kila kipande huzaliwa kikiwa takataka, halafu baada ya muda, mfupi au mrefu, kitu kingine hukishika mkono. Mfagiaji akipita katika muda huo wa katikati, hana njia ya kutofautisha mabaki ya kazi iliyotupwa mwaka jana na kazi ambayo ndiyo kwanza inaandikwa.

## Vipande kwanza, kielekezi mwisho

Utaratibu huu si uzembe wa waliobuni Git. Unapofanya komiti, yaliyomo kwenye faili huwa yamekwisha kuandikwa. Kisha huandikwa orodha za folda zinazozitaja faili hizo, kisha komiti yenyewe, ambayo hutaja orodha ya juu kabisa pamoja na komiti iliyoitangulia. Mwisho wa yote ndipo kielekezi cha tawi kinapobadilishwa. Kwa kawaida kielekezi hicho ni faili ndogo mno: heshi moja na alama ya kufunga mstari, basi.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, tawi linabaki likielekeza pale lilipokuwa, na vipande vilivyowahi kuandikwa vinabaki bila mwenyewe. Hasara yako ni nafasi kidogo ya diski. Mpangilio ungekuwa kinyume, kielekezi kitangulie na vipande vifuate, umeme huohuo ungekuachia tawi linaloelekeza hewani. Kati ya uchafu na uharibifu, Git imechagua uchafu, na kwa maoni yangu ilichagua vizuri. Lakini uchafu uliochaguliwa lazima uwe na mtu wa kuufagia.

Tena haungoji ajali ili uwepo. Ukifanya `git add`, amri ya kuweka faili tayari kwa komiti, mara kumi kwa faili moja unayoendelea kuihariri, kisha ukafanya komiti moja, umehifadhi matoleo kumi na kutumia moja. Tisa yamekaa humo bila kazi. Ukirekebisha komiti kwa `git commit --amend`, ile ya zamani hairekebishwi hata kidogo. Inaandikwa mpya pembeni na ya zamani inaachwa. `git rebase` hufanya hivyohivyo kwa msururu mzima wa komiti. Ukifuta tawi, unachofuta ni kielekezi peke yake, komiti zake zinabaki zilipo.

Kuufagia uchafu huo ndiyo kazi ya `git gc`. Mara nyingi huhitaji hata kuiita, kwa sababu amri nyingine huiita zenyewe pale vipande vilivyosambaa, kila kimoja katika faili yake, vinapozidi takriban 6,700 au mafurushi, yaani faili zinazobeba vipande vingi pamoja, yanapozidi 50. Neno takriban lina kisa chake. Kuhesabu faili zote kila mara kungechelewesha amri, kwa hiyo Git hufungua folda moja tu kati ya 256, ile iitwayo `17`, na kuhesabu zilizomo humo. Zikizidi 27, inakisia kwamba repo nzima imejaa. Heshi hutawanya majina sawasawa kiasi kwamba folda moja inatosha kusema kwa niaba ya nyingine zote. Nilipoligundua hilo nilicheka, kisha nikalihusudu.

## Nani anahesabiwa kuwa hai

Mbinu ya kufagia ni ya zamani kuliko Git. John McCarthy aliieleza mwaka 1960 alipokuwa akiandika kuhusu lugha ya Lisp: anza kwenye mizizi, fuata kila kielekezi hadi mwisho wake, weka alama kwenye kila unachokigusa, halafu rudi ufute ambavyo havina alama. Hatua mbili, kutia alama na kufagia.

Kwa Git mizizi ni matawi, lebo, kielekezi cha `HEAD` (kinachoonyesha uliposimama sasa) cha kila folda ya kazi, na indeksi, yaani ile orodha ya yale uliyoyaweka tayari kwa komiti ijayo. Kuna na mzizi wa tano, ambao umewaokoa watu wengi bila wao kujua kwa nini wameokoka: reflogi. Hili ni daftari ambamo Git huandika kila mara kielekezi kinaposogea, kilitoka wapi na kimekwenda wapi. Kila komiti iliyotajwa kwenye daftari hilo huhesabiwa kuwa hai, hata kama hakuna tawi linaloifikia tena. Mistari yake hukaa siku 90, isipokuwa ile inayotaja komiti ambazo kilele cha sasa cha tawi hakizifikii; hiyo hukaa siku 30.

Kwa hiyo ukifanya `git reset --hard`, amri ya kurudisha tawi nyuma, kwa hasira asubuhi na kujuta mchana, hujapoteza komiti zako. Andika `git reflog`, tafuta mstari wa kabla ya hasira, rudi. (Mabadiliko ambayo hukuyafanyia `git add` wala komiti ni habari nyingine. Hayo Git haikuwahi kuyaona, na haiwezi kurudisha ilichokuwa haina.)

Yale matoleo tisa ya `git add` hayana daftari la kuyatetea. Hayo, na kila kipande ambacho ndiyo kwanza kimeandikwa, yanalindwa na kitu kimoja tu: muhuri wa muda. Git haifuti kipande kisichofikika ikiwa kimeguswa ndani ya wiki 2 zilizopita. Hoja yake ni nyepesi. Hakuna amri ya kawaida inayochukua wiki 2 kati ya kuandika kipande na kukifunga kwenye tawi, hivyo kipande kichanga kihesabiwe kuwa kina mwenyewe hadi wakati uthibitishe vinginevyo.

Sikiliza hoja hiyo vizuri, maana si uthibitisho. Ni dau.

## Sekunde ambazo dau linashindwa

Chukua repo moja kubwa kwenye seva, yenye vipande milioni kadhaa. Kuna tawi lilifutwa siku nyingi, na komiti yake ya mwisho, tuiite K, haifikiki tena kutoka popote. Vipande vyake vyote vina mihuri ya miezi mitatu iliyopita.

Saa 4:00 usiku mfagiaji anaanza. Anapita mizizi yote na kufuata vielekezi kimoja kimoja. Repo ni kubwa, kutia alama kunamchukua dakika kadhaa. Saa 4:06 anamaliza: K haina alama, mihuri yake imepitwa na wakati, imo kwenye orodha ya kufutwa.

Saa 4:07 mtengeneza programu mmoja anakumbuka kwamba ile kazi ya miezi mitatu iliyopita inahitajika. Heshi ya K anayo kwenye barua pepe ya zamani. Anaandika amri ya kutengeneza tawi jipya linaloelekeza K. Git inaangalia: kipande kipo? Kipo. Tawi linatengenezwa, hakuna onyo, na jamaa anafunga kompyuta yake akiwa na furaha.

Saa 4:08 mfagiaji anafika kwenye K na kuifuta.

Hakuna aliyekosea. Mfagiaji alisema kweli saa 4:06, mtengeneza programu alisema kweli saa 4:07. Kilichoharibika ni kwamba ukweli wa saa 4:06 umetumiwa kufanya uamuzi saa 4:08. Kesho yake tawi jipya halifunguki, Git inadai kipande hakipo, na mtu anaanza kushuku diski.

Git ina vizuizi viwili dhidi ya jambo hili. Kwanza, kila kipande kichanga hulindwa pamoja na vyote kinavyovitaja, hata kama vyenyewe ni vikongwe. Bila hivyo komiti mpya ingeweza kubakizwa huku orodha ya folda ambayo komiti hiyo inaitegemea ikifutwa. Pili, Git ikitaka kuandika kipande na kukuta tayari kipo, hukigusa ili muhuri wake uwe wa leo. Na mfagiaji, kabla tu ya kufuta kipande kilichosambaa, huangalia muhuri wake tena.

Lakini rudi kwenye kisa chetu. Mtengeneza programu hakuandika kipande chochote. Aliandika kielekezi tu, kwa hiyo hakuna muhuri uliosogezwa, na vizuizi vyote viwili vilikaa kimya. Hata pale kipande kinapoguswa, kinaguswa chenyewe. Watoto wake, yaani vipande kinavyovitaja, hawaguswi, na ikiwa kutia alama kumekwisha kumalizika, mzazi anaweza kusalimika na mtoto akafagiwa. Maelezo rasmi ya `git gc` yanakiri jambo hili bila kuzunguka: vizuizi hivyo vinapunguza hatari kwa kiasi kikubwa, ila haviimalizi, na wanaoendesha amri kwa wakati mmoja wanapaswa kuishi na hatari ndogo iliyobaki.

Mtu aliyesoma sayansi ya kompyuta atauliza kwa nini tatizo hili linasumbua ilhali lilitatuliwa zamani. Kweli, mwaka 1978 Edsger Dijkstra, Leslie Lamport na wenzao walichapisha mbinu ya kufagia kumbukumbu ya kompyuta huku programu ikiendelea kufanya kazi. Siri yake ni ushirikiano: kila programu inapobadilisha kielekezi, inamwachia mfagiaji ishara kwamba kile kilichoelekezwa kisifutwe bado. Katika lugha za kisasa ishara hiyo huingizwa na mashine inayoendesha programu, na mwandishi hata haioni.

Git haina mashine ya namna hiyo. Ni kundi la programu zinazojitegemea, kila moja inafunguka, inafanya kazi yake kwa nusu sekunde, inafunga. Nyingine zinaendeshwa kwenye kompyuta tofauti kupitia diski ya mtandao, nyingine si Git halisi bali maktaba zinazosoma folda hizohizo. Kusogeza muhuri wa muda ndiyo ishara pekee ambayo wote hao wanaweza kuiacha bila kupatana mapema. Ni njia ya mnyonge, lakini inapita kila mlango.

Kwa nini basi wasiweke kufuli, kwamba mfagiaji akiingia wengine wasubiri nje? Inawezekana. Programu ya nakala rudufu ya restic hufanya hivyo: amri yake ya `prune` hushika kufuli ya peke yake, na hakuna nakala inayochukuliwa mpaka imalize. Kwa nakala rudufu za usiku hilo linavumilika. Kwa repo ambayo watu mia wanasukuma kazi (wanaituma kwenye seva) mchana kutwa, kufuli ya dakika kumi ni malalamiko ya dakika kumi, na kila amri ndogo ingelazimika kuulizia kufuli hata siku ambazo hakuna mfagiaji. Git ina kufuli, faili iitwayo `gc.pid`, lakini kazi yake ni kuzuia wafagiaji wawili wasikutane. Waandishi haiwahusu.

## Umri si ukiwa

Kuna jambo moja ambalo hata watumiaji wa miaka mingi hulikosea, na nitakaa hapa kidogo. Watu husema: "Git hufuta vipande vilivyokaa wiki 2 bila mwenyewe." Sivyo. Git hufuta vipande ambavyo havina mwenyewe *sasa hivi*, na ambavyo muhuri wao una zaidi ya wiki 2. Muhuri unaeleza lini kipande kiliguswa. Hauelezi lini kilifiwa.

Kipande kilichoandikwa mwaka jana kinaweza kupoteza tawi lake saa 3:59 na kufutwa saa 4:08, bila hata saa moja ya matanga. Kwenye kompyuta yako hilo halitokei kirahisi kwa sababu reflogi inasimama katikati: komiti iliyotajwa humo ina siku zake 30 au 90 hata tawi likiondoka. Ingawa hata hapa kuna mtego mdogo, kwani ukifuta tawi, daftari la tawi hilo hufutwa pamoja nalo. Kinachokuokoa ni daftari la `HEAD`, na hilo linakumbuka mahali ulipowahi kusimama tu. Tawi ulilolileta na kulifuta bila kuliingia halimo.

Kwenye seva hali ni kali zaidi. Repo ya seva kwa kawaida haina folda ya kazi, na kwa repo za aina hiyo Git haiandiki reflogi mpaka uiwashe kwa `core.logAllRefUpdates`. Kwa hiyo mtu akisukuma kwa nguvu na kufunika kazi ya mwenzake, komiti zilizofunikwa zikiwa na umri wa mwezi hazina reflogi wala muhuri wa kuzitetea. Zinasubiri mfagiaji anayefuata, basi. Nimewahi kukaa usiku kucha nikisaidia kundi moja kukusanya komiti za namna hiyo kutoka kwenye kompyuta za watu waliokuwa bado na nakala za zamani. Walichokuwa wamefanya ni kuweka `git gc --prune=now` iende kila usiku, kwa sababu diski ilikuwa ikijaa na mtu fulani aliona maneno hayo mahali. `--prune=now` inaondoa hata zile wiki 2. Ni amri halali kabisa kwenye repo ambayo una hakika hakuna anayeigusa. Kwenye repo ya wengi, inaondoa dau lenyewe na kubaki na bahati.

## Makapi yanapofungwa pamoja

Mihuri ya muda ina kasoro nyingine, ya kiufundi zaidi. Ili kuokoa nafasi, Git hukusanya vipande na kuvifunga ndani ya furushi moja, ambamo vinavyofanana huhifadhiwa kwa tofauti zao tu. Furushi ni faili moja, na faili moja ina muhuri mmoja. Vipande laki mbili vilivyomo vyote vinasomeka kuwa na umri uleule.

Kwa miaka mingi suluhisho lilikuwa la kushangaza. Git ilipofunga upya mafurushi, ilivichukua vipande vyote visivyofikika na kuvitawanya, kimoja faili moja, ili kila kimoja kiwe na muhuri wake. Ukiwa na repo ambamo watu wamefanya `rebase` kwa bidii, ungeweza kuita `git gc` ukitarajia nafasi na kukuta repo imevimba, folda zimejaa mamia ya maelfu ya faili ndogo, na mfumo wa faili umeishiwa hata nafasi za kuandikisha majina. Ubaya juu ya ubaya, faili hizo nyingi zilivuka ule mpaka wa 6,700, kwa hiyo Git iliamua kufagia tena, ikakuta hakuna inachoruhusiwa kufuta, ikamaliza, na baadaye ikaanza upya.

Dawa iliingia katika toleo la 2.37, mwaka 2022, kwa kazi iliyoongozwa na Taylor Blau wa GitHub, kampuni inayohifadhi repo za watu: furushi la makapi. Vipande visivyofikika vinafungwa pamoja katika furushi lao wenyewe, na pembeni huwekwa faili yenye kiambishi `.mtimes` inayoorodhesha muhuri wa kila kipande, baiti 4 kwa kila kimoja. Toleo la 2.41 la mwaka 2023 liliufanya huo kuwa utaratibu wa kawaida wa `git gc`. Mtu akiandika tena kipande ambacho kimo kwenye makapi, Git haihangaiki kusahihisha orodha ya mihuri. Inaandika nakala mpya nje ya furushi, yenye muhuri wa leo.

Hili halikuondoa hatari ya saa 4:07. Limeifanya iwe rahisi kuiishi, kwa sababu sasa unaweza kuweka muda mrefu wa kusubiri bila kulipa kwa mamilioni ya faili. Na kuna chaguo la `--expire-to` kwenye `git repack`, ambalo mimi naona ndilo la busara kuliko yote: vinavyotolewa kwenye repo havifutwi, vinawekwa kwenye furushi la pembeni, nje ya repo. Ikigundulika kesho kwamba K ilihitajika, unarudisha furushi hilo mahali pake na tawi linafunguka. GitHub walieleza kwamba hivyo ndivyo wanavyofagia kwao. Umeshindwa kuhakikisha kwamba uamuzi ni sahihi, basi hakikisha unatenguka.

Mercurial, mfumo mwingine wa kudhibiti matoleo, ililifikia wazo hilohilo kwa njia nyingine. Huko historia ya kila faili huongezwa mwishoni mwa faili moja na hakuna kinachobadilishwa nyuma, kwa hiyo kufagia si kazi ya kila siku. Ukiamua kukata komiti kwa `strip`, kilichokatwa huwekwa kwanza kwenye `.hg/strip-backup`. Fossil, mfumo wa D. Richard Hipp aliyeandika hifadhidata ya SQLite, imekwenda mbali zaidi: historia haifutwi, na ukilazimika kuondoa kitu, unakiweka kwenye orodha ya vilivyopigwa marufuku ili kisirudi hata kikiletwa na nakala nyingine. Jujutsu, mfumo mwingine tena, inapohifadhi kazi yake ndani ya Git, huandika vielekezi vya kificho chini ya `refs/jj/keep` ili mfagiaji wa Git aone kila kipande kina mwenyewe.

## Kabla ya kufuta cha zamani

Kufunga mafurushi upya kunahitaji uangalifu hata pale ambapo hakuna kipande kinachopotea, kwa kuwa kuna wasomaji. Furushi la Git ni faili mbili kuu, yenye data na yenye fahirisi ya kutaja kilipo kila kipande, na bila fahirisi furushi halionekani. Kwa hiyo linapoingizwa jipya, fahirisi huwekwa mwisho, data ikiwa imetulia. Linapoondolewa la zamani, fahirisi hutolewa kwanza. Hakuna sekunde ambayo msomaji anaweza kuona fahirisi na kukosa data yake. Naye msomaji ambaye furushi limeondolewa machoni pake hakimbilii kutangaza msiba: huisoma upya folda ya mafurushi, kwani huenda kipande kimehamia jirani, na akikikosa tena ndipo analalamika.

Hatari kubwa zaidi ipo nje ya nyumba. `git clone --shared` hutengeneza repo isiyo na vipande vyake, inayoazima vya repo nyingine kupitia faili iitwayo `alternates`. Ni haraka, na nafasi haitumiki. Lakini anayeazima anamjua anayeazimwa, na anayeazimwa hana habari. Siku akifagia, ataangalia mizizi yake peke yake, na komiti ambayo kwake ni makapi inaweza kuwa ndiyo nguzo ya nyumba ya pili. Hapa wiki 2 hazisaidii, wala mwaka. Anayetaka kuazimisha ama asifute kamwe, ama aweke kwake vielekezi vya kila anayemwazima kabla ya kufagia.

## Unapotaka kiondoke kweli

Sasa geuza shilingi. Umesukuma komiti yenye nywila ndani. Umeifuta kwenye komiti inayofuata, au umeandika historia upya ili isionekane tena. Ulinzi wote tulioueleza hapo juu sasa unafanya kazi dhidi yako: reflogi inaikumbuka kwa siku 30, muhuri unaikinga, furushi la makapi linaitunza kwa adabu, na yeyote mwenye heshi yake anaweza kuifungua.

Kwenye kompyuta yako kuiondoa ni amri mbili, na hapa ndipo `now` inapokuwa na haki yake:

`git reflog expire --expire=now --all`

`git gc --prune=now`

Hakikisha kwanza hakuna tawi, lebo wala kazi uliyoificha kwa `git stash` inayoifikia komiti hiyo. Tena fahamu kwamba amri ya kwanza inafuta madaftari yote ya repo na hata orodha ya `stash`, kwa kuwa `stash` nayo hutunzwa ndani ya reflogi. Ukiziendesha ukiwa na kazi nyingine ya kuokoa, umeichoma pamoja na nywila.

Kwenye seva huna amri hizo, isipokuwa seva ni yako. Unaandikia wanaoiendesha na kuwaomba wafagie. Kwenye nakala za wenzako hakuna pa kuandikia. Kwa hiyo kabla ya kugusa Git hata kidogo, nenda kwenye mfumo wenye nywila hiyo ukaibadilishe.